Tume za Uchunguzi: Gharama Zake na Jinsi Mwananchi Anavyoweza Kuzipima

Mkazi wa Mwenge, Manispaa ya Kinondoni, anaponunua vocha ya simu au lita ya petroli hulipa kodi. Sehemu ya fedha hizo hugharamia tume ambazo Serikali huziunda kuchunguza masuala mazito ya kitaifa.

Sheria ya Tume za Uchunguzi, Sura ya 32, inampa Rais mamlaka ya kuteua makamishna na kuwapa hadidu za rejea. Tume inaweza kuita mashahidi na kuwahoji chini ya kiapo. Gharama zake kwa kawaida huhusu posho za makamishna na sekretarieti, usafiri wa mikoani, kumbi, wataalamu na uchapaji wa taarifa. Muda unapoongezwa, posho nazo huongezeka.

Ukubwa wa gharama za posho ulidhihirika katika mchakato wa Katiba. Tume ya Mabadiliko ya Katiba, chini ya Jaji Joseph Warioba, iliapishwa Aprili 2012 na kukabidhi rasimu ya pili Desemba 30, 2013. Bunge Maalum la Katiba lililofuata mwaka 2014 lilikuwa na wajumbe zaidi ya 600, na kila mjumbe alilipwa posho ya Sh. 300,000 kwa siku. Kwa wajumbe 600 pekee, hiyo ni Sh. milioni 180 kwa siku moja. Katiba Inayopendekezwa ilipitishwa Oktoba 2014, lakini kura ya maoni iliyopangwa kufanyika Aprili 30, 2015 iliahirishwa.

Hata hivyo, fedha zilizotumika ni upande mmoja tu wa hesabu. Upande wa pili ni matokeo. Tume ya Jaji Francis Nyalali, iliyoundwa mwaka 1991, ilibaini kuwa takriban asilimia 80 ya waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee, lakini ikapendekeza mfumo wa vyama vingi, ulioanza Julai 1992. Tume hiyo pia ilitaja sheria 40 zilizohitaji kufutwa au kurekebishwa. Si zote zilizofanyiwa kazi.

Tume ya Ardhi ya Profesa Issa Shivji, ya mwaka 1991 hadi 1992, ilichochea mjadala uliozaa Sera ya Taifa ya Ardhi ya mwaka 1995 na sheria mbili za ardhi za mwaka 1999, ingawa mapendekezo yake makuu kuhusu umiliki hayakukubaliwa. Leo mkazi wa Kinondoni mwenye leseni ya makazi anaishika kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999.

Tume inapotangazwa, mwananchi anashauriwa kufuatilia mambo manne: hadidu za rejea, muda uliopangwa, kuchapishwa kwa taarifa, na utekelezaji wa mapendekezo. Kuhusu fedha, Ibara ya 143 ya Katiba inamtaka Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali kukagua hesabu za Serikali angalau mara moja kila mwaka, na taarifa yake huwasilishwa bungeni.

Taarifa ya tume ikibaki kabatini, mlipakodi amegharamia kazi ambayo hajapata faida yake. Suala lilelile likizuka tena, atagharamia uchunguzi mwingine.