Upele, Mapunye na Mkorogo

Historia ya mji kwa kawaida huandikwa kwa majina ya watawala, majengo na tarehe za sherehe. Mimi nimeishi Jangwani muda wa kutosha kuamini kwamba sehemu kubwa ya historia ya Dar es Salaam imeandikwa pia juu ya ngozi za wakazi wake.

Tuanze na jina la jirani zetu, Kariakoo. Waingereza waliuteka mji huu kutoka kwa Wajerumani mwezi Septemba 1916, na mahali hapo pakawa kambi ya kikosi cha wapagazi, Carrier Corps, jina ambalo ndimi zetu zililigeuza kuwa Kariakoo. Wapagazi hao walibeba vyakula na risasi za vita visivyokuwa vyao, na waliouawa na maradhi walikuwa wengi kuliko waliouawa na risasi. Mahali wanapolala watu wengi kwa kubanana, bila maji ya kutosha wala nguo za kubadilisha, upele haukawii kuingia.

Mdudu wa upele ni mdogo mno. Jike huchimba njia ndani ya ngozi na kutaga mayai humo. Mwasho hutokana na mwili kumkataa mdudu huyo pamoja na uchafu wake, na ndiyo maana mtu anayeupata kwa mara ya kwanza huweza kukaa wiki 4 hadi 6 bila kujikuna, huku akiwaambukiza wenziwe. Mwasho huzidi usiku, na vipele huonekana zaidi katikati ya vidole, kwenye viwiko vya mikono, kiunoni na sehemu za siri. Ukiona watu watatu wa chumba kimoja wanajikuna usiku, umekaribia kuutambua ugonjwa. Mwaka 1687 Mwitalia Giovanni Cosimo Bonomo alimweleza mdudu huyu baada ya kumtazama kwa hadubini. Dawa zipo: losheni ya benzili benzoeti, marhamu ya kiberiti, na siku hizi vidonge vya ivamektini. Lakini sharti lake ni moja: wote wanaolala pamoja watibiwe siku moja, hata asiyewashwa, na nguo na matandiko yafuliwe na kuanikwa juani. Katika nyumba ya vyumba sita yenye familia sita, sharti hilo ni zito kuliko bei ya dawa.

Baada ya vita Waingereza waliugawa mji: Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na uwanja wa wazi wa Mnazi Mmoja ukatenganisha Kariakoo na wengine. Sababu mojawapo iliyotolewa ilikuwa afya. Lakini ajabu ni kwamba mabomba na mifereji ya maji machafu ilitangulia kule ambako watu walikuwa wachache. Hivyo ugonjwa uliotokana na msongamano ukageuzwa kuwa tabia ya mtu. Hadi leo kumwita mtu mwenye upele ni tusi, ingawa mdudu huyo haulizi kabila wala mshahara.

Ukoma ulipata aibu kubwa zaidi. Wagonjwa walitengwa na jamaa zao, wengine wakaishia Nunge, ng'ambo ya Kigamboni. Mnorwei Armauer Hansen aliviona vimelea vya ukoma mwaka 1873, lakini ilichukua zaidi ya karne moja hadi mwaka 1981, Shirika la Afya Duniani lilipopendekeza mchanganyiko wa dawa unaouponyesha kwa miezi 6 au 12. Dawa hizo hutolewa bure. Uchunguzi nao ni rahisi: baka lililopauka au jekundu, na mgonjwa hahisi pamba inapompitia juu yake. Aliyewahi aliondoka na vidole vyake vyote. Aliyejificha kwa kuogopa majirani alivipoteza. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua, na sijui ugonjwa unaoithibitisha methali hiyo kuliko huu.

Sisi wa Jangwani tuna historia yetu nyingine, nayo ni ya maji. Bonde la Msimbazi hujaa kila mvua inapozidi, na mafuriko ya Desemba 2011 yaliwafanya wengi wetu kuhamishiwa Mabwepande. Maji yakipungua, unyevu hubaki ukutani, godoroni na viatuni, na fangasi hupenda unyevu. Ndipo huja choa mwilini, mapunye vichwani mwa watoto, na michubuko katikati ya vidole vya miguu.

Hapa ndipo ninapolikumbuka soko. Jengo la Kariakoo lililosanifiwa na Beda Amuli lilifunguliwa mwaka 1975 na likaungua Julai 2021, lakini maduka yanayolizunguka hayajawahi kukosa mirija ya krimu. Jirani yangu mmoja alikuwa na mtoto mwenye choa shingoni. Muuzaji wa duka moja, bila kumtazama mtoto, alimpa krimu yenye steroidi. Baada ya siku tatu mwasho ulikwisha, na mama akafurahi. Baada ya mwezi choa kilikuwa kimefika mgongoni, tena bila ile duara inayokitambulisha. Steroidi iliinyamazisha ngozi, kisha fangasi wakaenea kwa raha zao. Kukwaruza ngozi kidogo na kuitazama kwa hadubini kungetosha kujua ukweli, na krimu ya fangasi ingetosha kumponya. Mapunye ya kichwani ndiyo yanayohitaji vidonge.

Dawa hiyohiyo ya steroidi ndiyo huchanganywa na haidrokwinoni, na mara nyingine zebaki, ikaitwa mkorogo. Serikali imepiga marufuku vipodozi vya namna hiyo, lakini bado vinauzwa. Mkorogo huikondesha ngozi, na zebaki hudhuru figo. Nionavyo mimi, huu ni mpaka wa Mnazi Mmoja uliohamia kwenye miili yetu: tunalipa fedha ili tuonekane tumevuka.

Hata hivyo tumepiga hatua. Mwaka 1992 kilifunguliwa Moshi, katika hospitali ya KCMC, kituo cha kufundisha wataalamu wa ngozi kutoka nchi nyingi za Afrika. Jambo hilo lina maana kuliko linavyoonekana. Vitabu vingi vya zamani vilieleza magonjwa kwa wekundu unaoonekana juu ya ngozi nyeupe, ilhali juu ya ngozi yetu wekundu huohuo huweza kuonekana kama zambarau au kijivu, au usionekane kabisa.

Basi, msomaji, ukienda kutibiwa ngozi, dai mambo mawili kabla ya dawa. Kwanza, utazamwe mwangani. Pili, uulizwe: imeanza lini, nani mwingine nyumbani anawashwa, na umekwisha kupaka nini? Asiyeuliza hayo anakuuzia krimu tu, na gharama yake utaisoma mwenyewe kwenye ngozi yako.