Kima Aliyejulikana Kabla ya Kugunduliwa

Mtu akitoka Makambako kwenda Njombe, kisha akapanda Makete, hufika Kitulo, hifadhi ya taifa tangu mwaka 2005. Wengi huenda huko kutazama maua; wenyeji hupaita Bustani ya Mungu. Juma hili tuyaache maua. Kwenye miteremko ya magharibi, katika msitu wa Livingstone, anaishi kima ambaye wataalamu hawakumjua mpaka mwaka 2003.

Nasema wataalamu, maana wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa na jina lake siku nyingi: kipunji. Tim Davenport na watafiti wenzake walipolisikia vijijini, chini ya Mlima Rungwe, walidhani huenda ni mnyama wa hadithi. Baadaye wakamwona kwa macho yao. Mwaka 2005 akatangazwa duniani kwa ushahidi wa picha, na kwa kuwa sura yake ilifanana na ya mangabi, akawekwa kundi hilo.

Mwaka huo huo kipunji mmoja, bado hajapevuka, akafia mtegoni katika shamba la mahindi huko Rungwe. Vinasaba vyake, yaani DNA, vikapimwa, na majibu yakawashangaza wengi: ni jamaa wa karibu wa nyani, hao hao tunaowaona wakikaa barabarani Mikumi! Mwaka 2006 akapewa jenasi yake peke yake, Rungwecebus. Kima wa Afrika hakuwa amepewa jenasi mpya tangu mwaka 1923.

Msomaji wa mjini atauliza, jina litamfaa nini mnyama? Tazama habari ya ruba wa tiba. Linnaeus alimwita Hirudo medicinalis mwaka 1758, na kwa jina hilo akauzwa mahospitalini na kuwekwa chini ya mkataba wa CITES unaodhibiti biashara ya wanyama pori. Mwaka 2007 Mark Siddall na wenzake walipima DNA za ruba wa madukani, wakakuta ni Hirudo verbana. Mkataba ulimtaja mmoja. Chupani alikuwamo mwingine.

Kipunji hayupo nje ya Tanzania. Hesabu iliyochapishwa mwaka 2008 ilipata 1,117 tu: wengi Rungwe na Livingstone, wachache Ndundulu, katika milima ya Udzungwa. Na kati ya Rungwe na Livingstone pana pengo la Bujingijila, lililoharibiwa kwa ukataji miti. Kima huyu ni wa juu mitini. Kuvuka mahali peupe kwake ni shida.