Tasnifu ni ya Nani? Somo Kutoka Historia ya Chanjo ya HPV

Mwanafunzi mmoja wa uzamivu aliniuliza hivi karibuni: kampuni ya dawa ikinilipia masomo, tasnifu yangu itakuwa ya nani? Sikumjibu papo hapo. Nilimwomba kwanza tupitie historia ya chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi.

Katika miaka ya 1970, Harald zur Hausen wa Ujerumani alidai kwamba saratani hiyo husababishwa na kirusi cha papiloma, wakati wataalamu wengi wakikituhumu kirusi kingine. Mwaka 1983, katika Chuo Kikuu cha Freiburg, Matthias Dürst, akiwa bado mwanafunzi wa uzamivu, alishiriki kukitambua kirusi aina ya 16. Aina ya 18 ikafuata mwaka 1984. Aina hizo mbili husababisha takriban asilimia 70 ya saratani ya mlango wa kizazi duniani. Zur Hausen alisimulia baadaye kwamba alipozishawishi kampuni zitengeneze chanjo, alijibiwa kuwa haina soko. Mwaka 2008 alitunukiwa Nobel.

Tuwe waadilifu, hata hivyo. Mwaka 1991, Ian Frazer na Jian Zhou wa Chuo Kikuu cha Queensland waliunda chembe zinazofanana na kirusi lakini zisizoambukiza. Bila mitaji ya viwanda, majaribio kwa maelfu ya wanawake yasingefanyika, na chanjo ya kwanza isingeidhinishwa Marekani mwaka 2006. Lakini iliuzwa huko takriban dola 120 kwa dozi, na dozi zilihitajika tatu. Mwaka 2013 tu ndipo Gavi ilipopata bei ya dola 4.50 kwa nchi maskini. Tanzania ilianza kuitoa nchi nzima mwaka 2018, Kenya mwaka 2019.

Ndipo likaja swali ambalo muuzaji hana sababu ya kulikimbilia: je, dozi moja haitoshi? Huko Mwanza, wasichana 930 walishiriki utafiti wa DoRIS. Watengenezaji walichangia chanjo, lakini fedha za utafiti zilitoka kwa umma wa Uingereza na taasisi za hisani. Baada ya miaka miwili, takriban wote waliopata dozi moja walikuwa na kingamwili dhidi ya aina ya 16 na ya 18. Matokeo hayo, pamoja na ya utafiti wa Kenya, yaliisaidia WHO kukubali ratiba ya dozi moja mwaka 2022. Tanzania ikaifuata mwaka 2024.

Uingereza ina utaratibu wa siku nyingi ambamo baraza la utafiti la serikali na kampuni humgharamia kwa pamoja mwanafunzi wa uzamivu. Sioni haramu katika hilo. Hatari kubwa haiko kwenye majibu, kwani majibu ya uongo hufichuka. Iko kwenye maswali yasiyoulizwa, kwa kuwa hayo hayaachi alama.

Basi jibu langu kwa mwanafunzi yule ni hili: ipokee fedha, lakini kabla ya kutia saini hakikisha mkataba unakupa haki ya kuchapisha hata matokeo yasiyompendeza mfadhili. Na kwa ndugu zangu watumishi wa umma: maswali ambayo soko halitayauliza, bajeti yetu ndiyo iyaulize. Kwa wasichana wa Mwanza, swali la namna hiyo limekwisha kujibiwa.