Divai mezani pa wanafunzi

Tukisikia ya kuwa vijana wa shule wanakunywa pombe, mara tunauliza: ni nani aliyewaharibu? Historia ya Ufaransa inatupa jibu, nalo si tamu kwetu sisi wakubwa.

Zamani katika nchi ile watoto walikunywa shuleni, saa ya chakula cha mchana, mbele ya walimu wao. Hawakujificha. Wazazi wenyewe walitia katika kikapu, pamoja na mkate, chupa ya divai, au ya bia, au ya pombe ya matofaa. Nao hawakuwa wazazi wabaya. Maji ya visima vingi yalikuwa machafu, na katika karne ya 19 mtaalamu mkubwa Louis Pasteur aliisifu divai kuwa kinywaji safi. Basi watu walidhani ya kuwa inamtia mtoto nguvu. Hata maji yalipotengenezwa, desturi ilibaki.

Mwaka 1954 waziri mkuu, Pierre Mendès France, aliagiza wanafunzi wapewe maziwa. Wengi walimcheka. Mwezi wa Agosti 1956 serikali ikakataza pombe katika vyumba vya kulia vya shule kwa watoto wasiotimiza miaka 14. Na wale waliopita umri huo? Waliachwa, kana kwamba wamekwisha kukomaa. Ndipo mwaka 1981 divai ikaondolewa mezani pao pia. Walingojea miaka 25! Nao madaktari wa leo wanatufundisha ya kuwa hata kwenye miaka 18 ubongo wa kijana haujamaliza kukua, na pombe inaudhuru.

Tusiwacheke Wafaransa. Kwetu Kongo, ni nani anayemtuma mtoto kununua lutuku kwa jirani? Ni nani anayemwonjesha bia siku ya karamu ya Komunyo ya kwanza, akisema: «Kunywa, umekuwa mwanaume»? Kisha kijana huyo akirudi nyumbani amelewa, tunamlaumu mwalimu.

Hatusemi ya kuwa divai ni laana: Bwana wetu mwenyewe aliwapa watu divai kule Kana. Lakini kila kitu kina wakati wake. Sheria yaweza kuondoa chupa katika meza ya shule. Kuiondoa katika mkono wa mtoto nyumbani ni kazi yetu. Basi, kwenye karamu ya Kipaimara inayokuja, watoto wapewe maji ya machungwa, nasi wakubwa tuwe wa kwanza kuyanywa mbele yao.