Mabishano kuhusu Mulder na Scully

Mabishano kuhusu Mulder na Scully ni mvutano wa mashabiki wa The X-Files, tamthilia ya Marekani ya mambo ya ajabu iliyobuniwa na Chris Carter na kuanza kurushwa na Fox tarehe 10 Septemba 1993. Swali lilikuwa iwapo wapelelezi wa FBI Fox Mulder (David Duchovny) na Dana Scully (Gillian Anderson) wapendane au wabaki wenzi wa kazi. Waliotaka mapenzi waliitwa shippers, jina lililoenea baadaye hadi kwa mashabiki wa tamthilia nyingine. Wapinzani wao, noromos, walishikilia kuwa utamu wa hadithi ni imani ya Mulder kugongana na sayansi ya Scully, ambaye ni daktari.

Carter aliwachezea wote. Katika filamu ya 1998, wawili hao wakikaribia kubusiana, nyuki anamuuma Scully. Busu lenyewe lilikuja Novemba 1999, katika kipindi cha “Millennium”, likawa fupi mno kukata shauri.