Masafa ya Takataka

Mwaka 1947 wajumbe wa serikali mbalimbali walikutana Atlantic City, Marekani, kugawana masafa ya redio. Haya ya meli, yale ya ndege, yale ya stesheni za redio. Kenya ilikuwa koloni, kwa hivyo sisi tulisemewa na Mwingereza. Kwenye ugawaji huo kulikuwa na kipande karibu na megahezi 2450 ambacho hakikupewa mawasiliano. Kiliachiwa mashine: za viwandani, za maabara, za matibabu, na oveni za maikrowevu ambazo kampuni ya Raytheon ilikuwa ndiyo imezianza. Oveni ya kwanza ilikuwa na uzito wa kilo 340 hivi na ilimzidi mtu wa kawaida urefu. (Utasikia wasee wakisema masafa hayo yalichaguliwa kwa sababu ndiyo maji hutetemeka zaidi. Si kweli. Maji hupata moto kwenye masafa mengi tu.)

Sheria ya pale ilikuwa rahisi: ukitaka kuwasiliana humo, vumilia kelele za mashine. Wahandisi wakaziita bendi za takataka. Wi-Fi ya keja yako inaishi humo, na iko humo kwa sababu kipande hicho kilikuwa na kelele.

Masafa mazuri huwa na mwenyewe. Kampuni ya simu hulipia leseni, na wewe unailipia tena kila ukinunua data. Lakini Mei 1985, tume ya mawasiliano ya Marekani, FCC, ilifanya jambo la ajabu. Mhandisi wake mmoja, Michael Marcus, alikuwa amesukuma wazo kwamba bendi tatu za takataka zifunguliwe kwa yeyote, bila leseni, mradi kifaa kisizidi wati moja na kitawanye mawimbi yake kwenye masafa mapana badala ya kukaa mahali pamoja. Mtindo huo wa kutawanya ulikuwa hasa wa kijeshi. Hapa ndipo mtandaoni huletwa picha ya mwigizaji Hedy Lamarr, eti alivumbua Wi-Fi. Tupunguze. Mwaka 1942 yeye na mwanamuziki George Antheil walipata hataza ya mawimbi yanayorukaruka masafa, na kiwango cha kwanza cha Wi-Fi kilikuwa na chaguo la kurukaruka. Ile Wi-Fi iliyoteka dunia ilitumia mbinu nyingine.

Waliochangamkia mlango huo hawakuwa wakifikiria filamu wala simu. NCR, watengenezaji wa mashine za kupokea pesa madukani, walitaka tu kuziunganisha bila nyaya. Mtu wao wa Uholanzi, Vic Hayes, akaongoza kamati ya 802.11 kuanzia 1990. Miaka saba ya mikutano! Kiwango kilipotoka 1997, kasi ilikuwa megabiti 2 kwa sekunde.

Mwaka 1999 vikatoka viwili kwa mpigo. 802.11a kilikaa gigahezi 5 na kukimbia hadi megabiti 54. 802.11b kilibaki gigahezi 2.4, megabiti 11. Kilichoshinda ni cha polepole, kwa sababu vifaa vyake vilikuwa rahisi na mawimbi yake yalifika mbali. Mwaka huohuo Apple wakakitia kwenye iBook, na kampuni ya kubuni majina ikalipwa kutunga neno Wi-Fi. Kumbe si kifupisho cha chochote.

Ushindi huo ndio tunaulipia kwenye ploti. Gigahezi 2.4 ina chaneli nyingi kwenye karatasi, lakini zimebanana hivi kwamba ni tatu tu zisizogusana: 1, 6 na 11. Weka rauta ishirini kwenye jengo la ghorofa sita, ongeza Bluetooth na maikrowevu ya jirani, halafu ujaribu kutuma kazi ya mteja saa tatu usiku. Mimi nakula kwa kazi hizo, kwa hivyo nimehamia gigahezi 5. Mawimbi yake huchoka haraka yakikutana na kuta za mawe ya Ndarugo, na wengi huona huo ni udhaifu. Lakini kwenye jengo lililojaa ni baraka: ya jirani inabaki kwa jirani. Kama rauta inaonyesha majina mawili, tumia la 5 ukiwa chumba kimoja nayo, na la 2.4 ukiwa jikoni.

Sasa ugawaji umerudi, safari hii kwa gigahezi 6. Mwaka 2020 FCC ilifungua megahezi 1200 zote kwa Wi-Fi, bila leseni. Kenya imefungua sehemu ya chini, 5925 hadi 6425, yaani megahezi 500. Sehemu ya juu ndiyo yenye vita. Kampuni za simu zinaitaka, na kwenye mkutano wa dunia wa redio uliofanyika Dubai mwishoni mwa 2023, eneo letu, pamoja na Ulaya, liliitambua 6425 hadi 7125 kwa ajili ya simu, ingawa kila nchi bado inaweza kuamua yake. Safari hii Kenya ina kiti chake mezani, na kipande kinachogawanywa si takataka tena.