Mitaro ya milimani: kazi nzuri yenye jina baya

Kwetu Kivu, mwenye shamba mlimani anapigana na mvula kila mwaka. Tusiseme kwamba wazee wetu hawakujua kutengeneza udongo. Kule Bushi walitandika majani na mavi ya ng'ombe ndani ya migomba, karibu na nyumba. Wakati wa kiangazi walipiga matuta katika mabonde yenye maji.

Lakini watu waliongezeka, na wakoloni walichukua mashamba mengi mazuri juu ya kahawa, chai na kinini. Wengi wakalima miteremko mikali. Miaka ya 1950 Wabelgiji wakaagiza mitaro ichimbwe kukata mlima, na majani marefu yapandwe pembeni. Kazi yenyewe ilikuwa nzuri: maji yanasimama, yanazama polepole, udongo unajikusanya nyuma ya majani, na miaka ikipita inatokea ngazi.

Shida ilikuwa namna ya kuifanyisha. Dekreti ya 5 desemba 1933 iliweka kazi ya lazima siku 60 kwa mwaka. Mwaka 1942, wakati wa vita, zikafika 120. Aliyekataa alilipishwa amande ao alifungwa. Basi uhuru ulipofika 1960, wengi waliacha mitaro izibe. Kwao mtaro ulikuwa mtoto wa fimbo.

Mwezi wa tano 2023, mafuriko yaliua watu zaidi ya 400 kule Kalehe. Mitaro peke yake isingezuia yote. Hata hivyo, tufundishe watoto wetu kutenganisha kazi na fimbo: fimbo ilikwenda, lakini mvula iko.